Joka Lililochafuka: Majibu kwa Wasomaji Wanaotengeneza Kadi kwa Mihuri na Rangi

Mwezi huu barua nyingi zilizofika mezani pangu zimeuliza habari ya kadi za salamu za kinjozi, yaani zile zenye majoka, minara iliyosimama mawinguni na wanyama wasioonekana ila katika hadithi, ambazo watu huzitengeneza nyumbani kwa kupiga mihuri na kuzipaka picha rangi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu tatizo lake ndilo lililowafanya wengi wenu waiache kazi hii kabla hawajaonja utamu wake.

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Mtoto wa kaka yangu anatimiza miaka tisa, nami nikiwa ssenga wake nilitaka kumpelekea kadi ya joka, kwa kuwa mtoto huyo hulala na vitabu vya majoka kifuani. Niliazima mihuri ya plastiki angavu, mmoja wa joka na mmoja wa mnara, nikaipiga kwa wino mweusi wa ofisini, kisha nikapaka rangi kwa maka za spiriti. Mara tu maka ya kijani ilipogusa mstari, weusi ulitambaa, na joka zima likawa kama lililogaragara kwenye masizi. Nimeharibu kadi nne. Kosa langu liko wapi? (Ssenga, Jinja)

JIBU: Ssenga, mkono wako hauna kosa, umeweka pamoja vitu viwili ambavyo havipatani. Spiriti iliyomo ndani ya maka ndiyo inayoibeba rangi hadi kwenye karatasi, na spiriti hiyohiyo huyeyusha wino wowote unaokubali kuyeyuka kwayo, hata kama wino huo ulikwisha kukauka tangu jana. Wino wa mihuri ya ofisini hutengenezwa ili usikauke upesi ndani ya kidau chake, na mara nyingi rangi yake huyeyuka kwa maji na kwa spiriti pia. Kwa hiyo maka yako ya kijani ilipopita juu ya mistari ya magamba iliiosha na kuisambaza, na bila shaka ncha ya maka yenyewe ilikunywa sehemu ya weusi huo. Ichore ncha hiyo juu ya karatasi chakavu mpaka itoe kijani kitupu, kabla hujaigusisha picha nyingine.

Dawa yake ni kuianza kazi kutoka mwisho wake. Wengi wetu huanza na muhuri, kwa sababu ndio unaotuvutia macho, kisha tunatafuta wino, kisha karatasi, na rangi tunachukua ile iliyopo nyumbani. Mimi nashauri uamue kwanza utapaka kwa kitu gani. Ukipaka kwa maka za spiriti, tafuta wino wa maji uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya maka hizo. Memento ni jina mojawapo linalotajwa sana na wapenzi wa kazi hii. Ukipaka rangi za maji kwa brashi, unahitaji wino ambao ukishakauka hauguswi tena na maji, na hapo wino wenye mafuta ndani yake utakufaa. Ukipaka kwa penseli za rangi, ambazo hazina majimaji yoyote, karibu kila wino utakuvumilia, hata ule wa ofisini, mradi umeuacha ukauke barabara. Jihadhari na mtego mmoja. Kuna wino unaosifiwa kwa kutofutika, ambao hushika hata juu ya glasi, chuma na plastiki, na watu huununua wakiamini kwamba kisichofutika kwa maji hakifutiki kwa chochote. Kumbe wino huo umeyeyushwa kwa kiyeyushi kilicho ndugu wa spiriti, na maka ikiupitia huukokota vilevile.

Hata ukisoma maelezo yote ya kwenye kibandiko, fanya jaribio. Piga muhuri kwenye kipande cha karatasi ileile utakayoitumia, subiri dakika 10, kisha ukatize mstari mara moja kwa maka ya manjano, kwa sababu manjano huonyesha uchafu upesi kuliko rangi nyingine. Tazama mstari, halafu tazama ncha ya maka. Ncha ikiwa bado ni ya manjano safi, wino na maka yako vimepatana, nawe unaweza kuendelea bila wasiwasi.

Karatasi ya maka za spiriti iwe manila laini na nzito, nyeupe kabisa, maana karatasi ya kawaida ya gramu 80 hunywa spiriti kupita kiasi na rangi hutoka nje ya mistari. Hata manila nzito hupenyeza rangi hadi mgongoni, na ndiyo sababu sipendi kabisa kupaka picha juu ya kadi yenyewe. Kata karatasi ya A4 katikati upate vipande viwili vya A5, kunja kila kimoja, nawe utakuwa na kadi mbili za A6, yaani milimita 105 kwa 148, zinazoingia vizuri katika bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Picha uipige kwenye kipande cha peke yake cha milimita 95 kwa 138, ambacho ukikibandika juu ya kadi kitaacha ukingo wa milimita 5 kila upande. Kipande kikiharibika, unakata kingine na kadi inabaki nzima. Ungalifanya hivyo tangu mwanzo, zile kadi zako nne zingalikuwa bado mezani zikisubiri joka.

Mihuri angavu ikiwa mipya huwa na utando mwembamba unaokataa wino, na wino hujikusanya juu yake kama matone juu ya jani la mgomba. Isugue uso wake polepole kwa raba ya kufutia penseli, na wino utakaa. Unapopiga, weka karatasi tano au sita za gazeti chini ya kazi yako, bonyeza wima, usiutikise muhuri kwenda mbele na nyuma, kisha uinue moja kwa moja. Ukimaliza, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uihifadhi mbali na jua.

Kwa kuwa una joka na mnara, usiviweke kando kwa kando kama watu wanaosubiri teksi. Kilicho mbele hupigwa kwanza. Piga joka, kisha lipige tena juu ya karatasi nyembamba, ulikate kwa mkasi ukipita ndani kidogo ya mstari, ulilaze kipande hicho juu ya joka la kwanza hadi mistari ikutane, halafu upige mnara ukipita juu ya vyote viwili. Ukikiondoa kipande utaona mnara umesimama nyuma ya bawa, na kwa tendo hilo moja karatasi bapa imepata umbali. Nimewafundisha watu wazima jambo hili na kuwaona wakilirudia mara tatu, kwa furaha tu ya kukiinua kile kipande.

Sasa tuingie katika rangi. Kabla ya kugusa maka, jiulize mwanga unatoka wapi, na katika kadi ya joka jibu zuri kuliko yote ni kwamba unatoka kinywani mwake. Chukua gamba moja tu la shingoni ulitazame kwa karibu. Upande unaoelekea kinywani upake manjano hafifu. Kisha pitisha kijani cheupe juu ya gamba lote, hata juu ya ile manjano, nayo itang'aa chini yake kana kwamba gamba limepashwa moto. Kijani kilichokoza kiweke pale gamba linapoingia chini ya mwenzake, na kabla hakijakauka rudi na kijani cheupe mpakani ili viungane. Acha nukta ndogo ya karatasi tupu karibu na ukingo. Magamba ya mkiani, yaliyo mbali na moto, yasipate manjano kabisa, bali yamalizikie katika buluu. Vivuli vya tumboni usivitie kwa maka nyeusi, kwa maana nyeusi huua rangi zote zilizo jirani yake. Tumia zambarau hafifu, ambayo kwa kuwa ni kinyume cha manjano huufanya moto uonekane mkali zaidi. Mwisho, tia ukanda mwembamba wa zambarau hiyohiyo chini ya kucha zake, kwa sababu joka lisilo na kivuli miguuni halijasimama, linaning'inia.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya msingi, na watoto wangu wanataka kutengeneza kadi za kinjozi za kufunga muhula. Hatuna fedha za mihuri ya dukani. Tena, picha ninazoziona zote ni za ngome za Ulaya na farasi wenye pembe moja, na watoto wameanza kuamini kwamba maajabu hayakai kwetu. Nifanyeje? (Mwalimu, Kasese)

JIBU: Mwalimu, umeniuliza jambo hili ukiwa umekaa chini ya Rwenzori! Watoto wako wakiinua macho asubuhi isiyo na ukungu wanatazama milima yenye barafu karibu kabisa na ikweta, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Ukipita mita 3,000 unakutana na lobelia zinazosimama kama minara iliyochongwa, na mimea ya jamii ya senecio inayompita mtu kwa kimo, yenye vichwa vya majani makubwa juu ya shina nene lililovishwa majani makavu kama koti. Hakuna mchoraji anayehitaji kuubuni msitu wa kinjozi ambaye ana msitu huo tayari. Na katika milima hiyohiyo yumo kinyonga wa pembe tatu, ambaye dume lake ndilo lililojaliwa pembe hizo, mbili juu ya macho na moja puani. Mpe mabawa, mwongezee moto kidogo kinywani, nawe una joka ambalo halikuazimwa popote.

Nawasihi watoto wamchore kwanza kinyonga kama alivyo, vidole vyake vilivyogawanyika kama koleo na jicho lake linalozunguka peke yake, kisha ndipo waongeze kisichokuwapo. Kiumbe wa kubuni huaminika akiwa na kiungo kimoja au viwili vilivyotazamwa sawasawa. Mtoto akibuni kila kitu kwa mara moja, hupata donge lenye meno.

Mihuri mtaichonga wenyewe. Kwa picha ndogo, raba ya kufutia penseli inatosha: mtoto achore kwa penseli laini juu ya karatasi, ailaze karatasi hiyo kifudifudi juu ya raba, aisugue kwa ukucha, na mchoro utahamia ukiwa umegeuka, jambo ambalo ndilo linalotakiwa, kwa sababu muhuri utaugeuza tena. Wanaochonga herufi wasisahau hilo. Kwa picha kubwa, omba tyubu ya zamani kwa fundi wa baiskeli, ioshe poda na vumbi, kata umbo kwa mkasi na ulibandike kwa gundi ya viatu juu ya kipande cha ubao. Tyubu hukubali wino vizuri na hudumu muhula mzima. Kukata kwa wembe iwe kazi yako wewe, si ya watoto, na gundi ipakwe nje, penye upepo.

Kisha mpeni kila muhuri kazi zaidi ya moja. Mnaijua hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, jinsi alivyotakiwa na Ggulu, mwenye mbingu, amtambue ng'ombe wake katikati ya kundi kubwa, na nyuki akamsaidia kwa kutua juu ya pembe za ng'ombe huyo. Muhuri mmoja wa ng'ombe ukipigwa mara tisa unakuwa kundi, muhuri mdogo wa nyuki ukipigwa mara moja tu unakuwa hadithi nzima, na mpokeaji ataitafuta pembe yenye nyuki kabla hajaifungua kadi. Ng'ombe wote wapakwe kahawia na kijivu, na manjano iachiwe nyuki peke yake. Habari za Walumbe, ambaye katika hadithi hiyo ndiye kifo, ziachwe kwa siku nyingine, maana kadi ya salamu si mahali pa kumkaribisha.

SWALI: Rafiki yangu anasema kadi iliyopigwa muhuri si kazi ya mkono, kwa sababu picha imechorwa na mtu mwingine na mimi nimejaza rangi tu. Maneno hayo yameniuma. Ana haki? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Hana. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, iliyotolewa London mwaka 1843, ilichorwa na John Callcott Horsley kwa ombi la Henry Cole, mistari yake ikapigwa chapa kwa jiwe, halafu rangi zikapakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, na kila nakala ikauzwa shilingi moja ya Kiingereza. Mstari wa chapa na rangi ya mkono vimekaa nyumba moja tangu siku hiyo.

Na kama mfano huo uko mbali, mwonyeshe rafiki yako lubugo, kitambaa cha Buganda cha gome la mti. Fundi hulitwanga gome la mti wa mutuba kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifereji, na mifereji hiyo huacha alama zake juu ya gome kwa maelfu ya mapigo. Hakuna Muganda atakayekuambia kwamba lubugo limetengenezwa na nyundo. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu. Ukipata kipande chembamba cha lubugo, kibandike kati ya kadi na picha yako kwa gundi nyeupe iliyopakwa hafifu, kitokeze kidogo pande zote. Wekundu wake wa udongo hukipa uhai kijani cha joka kuliko karatasi yoyote ya dhahabu niliyowahi kununua.

SWALI: Kadi zangu hupasuka kwenye mkunjo, na mara nyingine wino huhamia mgongoni mwa kadi iliyo juu yake. (Msomaji, Gulu)

JIBU: Manila ina upande inaoupenda kukunjwa. Ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Pale inapokubali bila ubishi ndipo pa kukunja. Chora mkunjo kwanza kwa rula na kalamu ya bairo iliyoisha wino, ukibonyeza kiasi cha kuacha mfereji, kisha ndipo ukunje.

Wino unaohama ni wino mbichi. Katika miezi ya mvua hewa yetu hubeba maji mengi, na wino unaokauka juu ya karatasi kwa dakika 5 wakati wa kiangazi huhitaji saa nzima. Mwaka mmoja nilipiga kadi 12 za Idi jioni ya mvua, nikazipanga moja juu ya nyingine ili nisafishe meza, na asubuhi kila kadi ilikuwa na mwezi mmoja usoni na mwezi mwingine mgongoni. Tangu hapo nazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na sizigusi mpaka kesho yake.

SWALI: Mimi ni bibi wa wajukuu saba, na kadi ninawatengenezea wote, nikipaka kwa penseli za rangi kwa kuwa mkono wangu sasa unatetemeka kidogo. Picha naziweza. Maneno ndiyo yananishinda, kwa sababu yale ya dukani hayana ladha. Niandike nini katika kadi ya joka? (Bibi, Bombo)

JIBU: Shikamoo, Bibi. Kwanza kuhusu mkono: penseli za rangi ni rafiki wa mkono unaotetemeka, kwa sababu rangi yake hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa viduara vidogo visivyo na nguvu, na kiduara kimoja kikikosea hakionekani katikati ya mia. Chonga penseli mara kwa mara, anza na rangi nyepesi, na usibonyeze mpaka tabaka la mwisho.

Kuhusu maneno, unayo tayari. Ulipokuwa ukiwasimulia wajukuu hadithi jioni, ulianza na neno gani? Nje ya kadi, juu ya kichwa cha joka, andika "Paukwa!" peke yake, bila salamu wala jina. Mtoto aliyelelewa na wewe hawezi kulisoma neno hilo akanyamaza. Atajibu kwa sauti kabla hajaifungua kadi. Ndani, ukurasa wa kulia, mwandikie "Pakawa!" ili ajue umemsikia, kisha chini yake mistari mitatu au minne ya hadithi ambayo yeye mwenyewe yumo: kwamba hapo zamani za kale palikuwa na joka lililokuwa likilinda keki moja, na halikumruhusu mtu yeyote kuionja isipokuwa mtoto wa jina lake, siku atakapotimiza miaka yake kadha. Salamu za siku ya kuzaliwa zije baada ya hapo, kwa maneno machache.

Andika kwa penseli kwanza, hesabu herufi zako zisije zikabanana ukingoni, halafu uzipitie kwa kalamu wakati picha imekwisha kupakwa na kupanguswa vumbi la penseli. Na nyuma ya kadi, chini kabisa pembeni, tia tarehe na neno moja tu la kumtaja aliyeipaka rangi: Bibi.